911S ya California: riakta zibaki au zing'olewe?

Wenye Porsche 911S za 1976 na 1977 zilizouzwa California hawaishi kubishana juu ya hili.

Riakta ni makopo mazito ya chuma yaliyokaa mahali pa ekzosi ya kawaida. Pampu husukuma hewa ili petroli iliyoponyoka bila kuungua imalizikie humo. Moshi unapungua kweli, lakini joto lote linabaki limekumbatia injini ya lita 2.7 inayopozwa kwa hewa, tena bloku yake ni ya magnesiamu. Bloku hiyo ikichoka kwa joto, studi za silinda hedi (boliti ndefu zinazobana vichwa vya silinda) hung'oka pamoja na nyuzi zake, yaani mifereji ya skrubu iliyochongwa ndani ya bloku. Asubuhi injini ikiwa baridi unasikia "pfu pfu" ya gesi inayovuja pembeni, na hapo bili ya fundi si mchezo. Kwa uimara, kung'oa kunashinda wazi. Matunzo vilevile: pampu na mkanda wake unavisahau.

Kwenye sheria mambo ni mengine. California haipimi moshi wa magari ya petroli ya 1975 kurudi nyuma; la 1976 linapimwa, na mkaguzi huchungulia kama kila kifaa kipo. Anayeishi huko aziache, ila injini ikifunguliwa aimarishe nyuzi za studi.

Gari likiwa mahali ambapo sheria haikubani na unaliendesha kila wiki, mimi ningezing'oa. Nisingezitupa lakini! Ningezipaka mafuta na kuzifungia sandukuni, maana mnunuzi anayetaka gari kama lilivyotoka kiwandani Stuttgart ataziulizia kabla hajagusa usukani.