Uzoefu wangu: wiki nane za darasa la tabianchi mtandaoni, Pangani na Uholanzi

Nafundisha Jiografia sekondari huku Pangani. Mwaka jana niliandikisha wanafunzi 24 wa kidato cha tatu kwenye programu ya mtandaoni inayokutanisha shule mbili za nchi tofauti zisome pamoja mabadiliko ya tabianchi. Sisi tulipangiwa shule ya Uholanzi. Jina la programu naliacha, maana nina ya kulalamikia.

Gharama kwanza, kwa sababu walimu wenzangu wote huanzia hapo. Kujiunga ni bure, bando ndilo si bure. Niliunganisha kompyuta moja na simu yangu, projekta ikamulika ukutani, basi. Umeme ulikatika mara mbili, na mara ya pili tulimalizia kwenye kioo cha simu, vichwa 24 vimebanana.

Somo la pili liliniudhi. Ni kikokotoo cha hewa ukaa: umepanda ndege mara ngapi mwaka huu? Nyumba yenu mnaipasha joto kwa gesi au umeme? Nguo mnakaushia mashine? Mkaa haumo. Kuni hazimo. Bodaboda nayo haimo. Wanangu wakajaza sifuri mpaka chini, kisha ukurasa ukawataka wachague mambo matatu ya kupunguza. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Madam, sasa sisi tupunguze nini?" Nikajikuta natazama dirishani. Kwa wastani Mtanzania hafikishi tani moja ya hewa ukaa kwa mwaka, Mholanzi ni karibu saba, na aliyetunga fomu hakukosa kulijua hilo. Niliwaandikia. Walinishukuru sana kwa maoni yangu, na fomu iko vilevile.

Lakini wiki ya nne ilinifanya nisijitoe. Kila upande ulitakiwa kuonyesha bahari ya kwao. Wetu walichagua siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, wakaupiga picha ukuta wa bahari saa nne asubuhi, maji yamekupwa na mitumbwi imelala mchangani, wakarudi saa kumi jioni mawimbi yakiurukia. Wenzao hawakuamini kuwa ni mahali pamoja, siku moja.

Kijana mmoja akaandika kuhusu Maziwe, kile kisiwa chetu cha mchanga: kimezama kwa sababu ya tabianchi, akamaliza. Mholanzi mmoja akamuuliza kwa maandishi, bila ubaya, umejuaje? Akaenda kwa babu yake, mvuvi. Mzee akamwambia kisiwa kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga pale, mivinje ikakatwa, ndipo mchanga ukaanza kuondoka. Leo maji yakijaa hukioni. Kijana akarudi akasahihisha mwenyewe: bahari kupanda ni sehemu ya habari, mapanga nayo yamo. Nimefundisha mmomonyoko miaka mingi, sijapata insha kama ile.

Wao walileta usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilipobomoa kingo na kuua watu 1,836 nchini mwao. Kisha wakatuonyesha Maeslantkering karibu na Rotterdam, lango la kuzuia mawimbi ya bahari lililozinduliwa 1997: milango miwili, kila mmoja una upana wa mita 210, na kompyuta ndiyo inayoamua kuifunga. Darasa likapiga miluzi. Swali la kwanza kutoka kwetu lilikuwa, nani analipa? Kumbe wana mabaraza ya maji ya tangu enzi za kale, yana kodi yake na uchaguzi wake. Tukabishana kama ada ya namna hiyo ingelipika hapa, mpaka kengele ikalia.

Sifa nyingine naipa En-ROADS, kielelezo cha bure cha kompyuta kutoka shirika la Climate Interactive na MIT Sloan, chuo cha biashara cha Marekani, ambacho programu hii inakitumia. Unasogeza vitufe vya bei ya kaboni (yaani anayechafua hewa alipie), makaa ya mawe, methani, misitu, unaona joto la dunia litafika wapi mwaka 2100. Wanangu walikimbilia kitufe cha miti, maana kampeni zote tunazozijua ni za kupanda miti. Wakakisukuma hadi mwisho. Joto likashuka kidogo mno. Kimya. Halafu wakaanza kugusa makaa ya mawe.

Kiingereza kiliwabana siku za mwanzo. Mbele ya kamera walikuwa bubu, ila kwenye kuandikiana walimwagika. Mwalimu unayefikiria kujiunga, omba maandishi yawe mengi kuliko video.

Na chunga saa. Ratiba ilisema 14:00 ya Uholanzi, kwetu ikawa saa kumi jioni. Jumapili ya mwisho ya Machi wenzetu husogeza saa zao mbele, na hakuna aliyetukumbusha. Tulifika saa kumi kamili tukiwa na keki ya kuagana, tukakuta kwao ni saa tisa na kipindi kimeisha. Wasichana wawili tu walikuwa bado wanatusubiri, wamevaa makoti tayari kuondoka. Keki tuliila wenyewe, tukiwaonyesha kwenye kamera.

Nimeomba tena kwa Februari. Safari hii ratiba naiandika mwenyewe ubaoni, na fomu ya kikokotoo tutaitunga upya darasani, kuanzia gunia la mkaa.