Mashine ya kuokoa damu ya mgonjwa: nyota nne kati ya tano

Isichanganywe na ile ya figo. Hii hufyonza damu inayomwagika kwenye kidonda, huizungusha kwa kasi hadi seli nyekundu zijitenge, huziosha kwa maji ya chumvi ya 0.9%, kisha zinarudi kwa mwenyewe. Kwenye upasuaji wa nyonga, uti wa mgongo au mshipa mkuu, hasa kwa mgonjwa asiyekubali damu ya mtu mwingine, sioni kifaa cha kushindana nayo.

Dripu ya kuzuia kuganda ni heparini uniti 30,000 ndani ya lita 1 ya maji ya chumvi. Loanisha tangi la kukusanyia damu kwanza kwa mililita 100 hadi 200, halafu tone moja kila sekunde. Damu ikija kwa wingi, fungulia zaidi. Mara nyingi kinachoharibu kazi ni dripu iliyoisha bila mtu kuitazama. Damu inaganda kwenye chujio, tangi zima linatupwa.

Na lawama nyingi zinazotupiwa mashine ni za mkono ulioshika mpira wa kufyonzea. Nguvu ya kufyonza ikizidi 150 mmHg, au ncha ikielea juu juu ikivuta hewa na povu, seli zinapasuka. Ncha izame ndani ya dimbwi. Tazama bomba la maji taka wakati wa kuosha: yakiendelea kutoka mekundu, usikubali, ongeza maji hadi yawe meupe. Gozi (vitambaa vya kufutia damu) zilizolowa msizitupe. Ziloweke kwenye beseni la maji ya chumvi, zikamue taratibu, fyonza hayo maji. Mna damu nyingi humo kuliko watu wanavyodhani.

Iodini, haidrojeni peroksaidi, maji matupu yasiyo na chumvi na saruji ya mfupa ambayo haijakauka viende kwenye mpira wa kawaida, kamwe si kwenye huu.

Vifaa vyake ni vya kutumia mara moja, kwa hiyo anza kwa kufungua tangi na mpira tu. Bakuli la kuzungushia lifunguliwe damu ikishatosha. Lile la mililita 225 likijaa nusu, linaosha vibaya na kurudisha damu nyepesi. Begi la damu iliyooshwa lirudishwe ndani ya saa 4, na lisibanwe kwa mkanda wa presha: lina hewa, na hewa hiyo inaweza kuingia mshipani.

Nyota niliyoibana ni hii: chembe sahani na vigandishi, vile vinavyogandisha damu, karibu vyote huoshwa vikaenda na maji taka. Ukirudisha mabegi mengi, himoglobini inapendeza huku kidonda kinachuruzika. Mpe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, gramu 1 kwa dakika 10 kabla ya kukata, na mgonjwa asipoe. Wala mashine haitibu upungufu wa damu. Himoglobini ikiwa chini ya 13 g/dL, madini ya chuma yaanze wiki kadhaa kabla.

Baadhi ya Mashahidi wa Yehova huikubali iwapo tu mzunguko wa damu kati ya mwili na mashine haukatiki. Muulize mapema, iandikwe, na mpira wa kurudishia uunganishwe mshipani ukiwa umejaa maji ya chumvi kabla kisu hakijagusa ngozi.