node-config: imenitoa kwenye fujo za setingi za Node

Nimeitumia hii pakeji ya config ya Node.js (mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye seva), wengi wanaiita node-config, karibu mwaka sasa na kwa kweli naipenda. Kabla yake setingi zetu zote zilikaa kwenye process.env, yaani vigezo vya mazingira ambavyo programu inapewa inapoanza, na shida ni kwamba kila kitu pale ni stringi (maandishi tu), ukiandika MALIPO_MAJARIBIO=false programu inaliona "false" kama neno tu, na neno lolote lisilo tupu JavaScript inalihesabu kuwa kweli, basi siku moja seva yetu ya live ikakaa kwenye majaribio tangu asubuhi hadi saa nane mchana, wateja wanalipa hela hazifiki. Iliniuma sana.

Hii unatengeneza folda ya config, ndani unaweka default.json halafu production.json yenye vile tu vinavyobadilika, yenyewe inaangalia NODE_ENV, kigezo kinachosema programu iko kwenye mazingira gani (mfano production, yaani live), na kuvichanganya. Na false inabaki false. Ninachokikubali zaidi ni config.get('db.host'), ukikosea jina inarusha erra hapohapo, haikuachii undefined (thamani isiyopo) itembee mpaka ikuamshe usiku.

Paswadi usiziweke humo jamani, tumia custom-environment-variables.json, faili linalosema setingi ipi isomwe kutoka kigezo kipi cha mazingira, ila za huko bado zinakuja stringi mpaka uweke __format, inayosema thamani isomwe kama aina gani.

Kasoro: ukishaita get mara ya kwanza setingi zinafungwa, huwezi kuzibadilisha tena, kwenye testi inasumbua kweli. Na kama app yako ina setingi tatu nne tu, Node kuanzia 20.6 ina --env-file, inayosoma vigezo vya mazingira kutoka kwenye faili, hiyo inakutosha kabisa.