Intel I219-V kwenye Linux: nzuri, ila ichunge ikibeba mzigo
Kadi hii ya mtandao ya gigabiti 1 huja imeunganishwa kwenye mazabodi, na draiva yake, e1000e, imo ndani ya keneli, yaani moyo wa Linux. Hakuna cha kusakinisha. Kwa matumizi ya ofisini inatosha kabisa.

Tatizo hujitokeza ukituma mafaili makubwa mfululizo: mtandao unakatika, unarudi, na dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa keneli) inaandika “Detected Hardware Unit Hang”. Foleni ya kutuma imeganda, draiva ikalazimika kuiwasha kadi upya. Mara nyingi kiini ni TSO, yaani kadi kuachiwa kazi ya kukata data kuwa pakiti. Izime pamoja na GSO, mwenzake wa upande wa programu (eno1 ni jina la kadi; weka la kwako):

ethtool -K eno1 tso off gso off

Hakikisha kwa ethtool -k eno1. Mashine ikizimwa mpangilio hupotea, kwa hiyo uweke kwenye huduma ya systemd, inayoendesha kazi mashine inapowaka. Prosesa itafanya kazi zaidi kidogo tu. Kwa seva ya kuhifadhi mafaili, ningeongeza kadi ya I210, inayotumia draiva ya igb.