Tahadhari: "Dawa ya kinga" ya sarafu za fedha inaharibu riali za watu

Wenzangu mnaokusanya sarafu za zamani, na hata nyinyi mlioachiwa riali (zile sarafu kubwa za fedha za Maria Theresa) mbili tatu na bibi zenu zikakaa kashani, nawaomba msome hadi mwisho kabla hamjampa mtu pesa. Kuna muuzaji anazunguka Mji Mkongwe, na wenzetu wa Mombasa wananiambia ameshafika na kwao. Anauza chupa ndogo ya maji anayoyaita "dawa ya kinga", pamoja na vifuko laini vya plastiki vya kutilia sarafu. Chupa moja na vifuko kumi ni shilingi 25,000. Anaapa kwamba ukitumia vyote viwili, sarafu ya fedha haioti doa wala haiwi nyeusi tena.

Ni uongo, na hasara yake ni kubwa kuliko hizo elfu ishirini na tano, kwa sababu sarafu ikishaharibiwa namna hii hairudi.

Kinachowateka watu ni maonyesho yake. Anaomba sarafu nyeusi kuliko zote nyumbani, anaishika kwa koleo, anachovya nusu tu. Kufumba na kufumbua nusu ile inatoka nyeupe pe, nusu ya pili imebaki nyeusi tii. Waliokaa barazani wanasema mashaallah, na pesa zinatoka. Wachache wanauliza ile harufu ya yai viza iliyojaa chumba inatoka wapi. Ule weusi ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani. Tindikali iliyomo chupani inaitenganisha, salfa inatoka kama gesi, na ngozi nyembamba ya uso wa sarafu inaondoka pamoja nayo. Ukirudia mara kadhaa, ule mng'ao uliotoka nao kiwandani unakufa.

Maji ya aina hii masonara wanayajua, wanasafishia vijiko na sinia. Lakini sonara akishachovya anasuuza kwa maji mengi. Huyu anamwambia mteja kinyume chake: "Usisuuze, iache ikauke yenyewe, ndiyo kinga hiyo." Hapo ndipo ubaya ulipo. Tindikali inakaukia ndani ya herufi na kwenye mikunjo ya nywele za picha, na baada ya wiki chache madoa ya manjano na kahawia yanaanza kujitokeza.

Vifuko vyake navyo ni msiba mwingine. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa, ile inayonuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki. Kwa joto letu hili inatoa mafuta yake na tindikali kidogo kidogo, na tindikali hiyo inatafuta shaba. Riali ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata kama imepigwa karne ya 20, ina uzito wa gramu 28.07 na fedha yake ni asilimia 83.3; iliyobaki karibu yote ni shaba. Rupia za Kijerumani na rupia ya Mombasa ya 1888 zina fedha asilimia 91.7. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 ni robo tu fedha, hizo ndizo za kuonea huruma zaidi.

Jirani yangu mmoja, bi mkubwa wa Malindi, alinionyesha riali za urithi wake zilizokaa ndani ya vifuko hivyo. Niliitazama moja kwa kioo cha kukuzia. Ukingoni, kwenye yale maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, kulikuwa na utelezi wa kijani unaonata kidoleni. Lulu za pambo la begani, ambazo wafanyabiashara wa zamani walikuwa wakizihesabu kabla ya kuipokea riali, zilikuwa zimezungukwa na kijani hichohicho. Bi mkubwa yule alizitunza riali zake miaka yote bila doa, zikiwa ndani ya kitambaa cha pamba.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifanya niandike. Madoa yalipotoka, alikuja mtu mwingine akijitia mnunuzi. Akatikisa kichwa, akasema sarafu imeoza, ndani mna fedha nusu tu, nitakupa bei ya chakavu. Namba ya simu aliyoacha ni ileile iliyobandikwa kwenye chupa. Mwenye riali ajue hesabu yake: ndani mna fedha safi karibu gramu 23.4, iwe na doa au isiwe nalo. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, na chini ya hapo usikubali hata kuanza mazungumzo.

Anadai pia kwamba dawa yake inazuia yale madoa meupe ya sarafu mpya watu wanazoleta kutoka Dubai, hasa zile za Kanada zenye picha ya jani. Madoa yale chanzo chake kiko kiwandani, kwenye usafishaji wa vipande vya fedha kabla ya kupigwa chapa. Wakanada wenyewe walianza mwaka 2018 kutumia njia yao maalumu ya kuyapunguza. Hakuna cha chupani kitakachoyazuia sarafu ikishatoka huko.

Ukitaka kukipima kifuko, chukua waya wa shaba, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na ukijani. Gusa plastiki waya ukiwa bado wa moto, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, mna klorini humo, na hiyo ni PVC. Fanya uani, na moshi wake usiuvute. Vifuko salama ni vile vya plastiki iitwayo Mylar, vigumu kidogo na vyenye kuchakarika, au kasha la duara la plastiki ngumu ya akriliki kwa kila sarafu.

Kinga ya kweli haina maajabu. Shika sarafu ukingoni, mikono ikiwa mikavu. Iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, mbali na jiko na moshi wa ubani. Usiifunge kwa mpira wala kwa gazeti, vyote vina salfa. Tia vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani ya boksi na uvibadilishe vikishalowa. Na weusi wa zamani uliotulia, uliosambaa sawasawa, uacheni kama ulivyo! Mnunuzi anayejua anautaka, na hayo mambo ya limau, majivu na dawa ya meno yanaacha mikwaruzo isiyofutika.

Aliyekwisha kutumia: toa sarafu vifukoni leo hii. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongeza kwenye betri ya gari (maji yake, si asidi yake). Kisha iloweke katika asetoni safi ndani ya glasi, madirisha wazi na moto mbali. Ile ya kutolea rangi ya kucha haifai, imetiwa mafuta na manukato. Usisugue. Utelezi wa kijani utayeyuka. Vishimo vilivyokwisha kuliwa vitabaki. Kausha kwa kugusiza kitambaa cha pamba.

Chupa msizitupe, wala meseji za malipo msizifute. Jirani yangu na wenzake waliopatwa kama yeye wanakwenda polisi Jumatatu asubuhi wakiwa na chupa, vifuko na ile namba. Mwenye kuhifadhi chochote kati ya hivyo, au aliyeuziwa halafu akafuatwa na "mnunuzi", aungane nao.