TAHADHARI: Matapeli wa safari za boti Mto Rufiji, Hifadhi ya Nyerere

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Hifadhi ya Taifa Nyerere, hasa mnaokwenda kwa vikundi, someni hapa kabla hamjatuma hata shilingi ya kianzio.

Dada yangu na wenzake wa kikoba walichanga kidogo kidogo mwaka mzima ili waende Rufiji wakapande boti, waone viboko na mamba kwa macho yao. Walimpata "mratibu" Instagram, mazungumzo yakahamia WhatsApp, kila mmoja akatuma kianzio cha shilingi 150,000. Siku ikafika, wakakodi Coaster Dar, wakapita Kibiti, wakaimeza barabara ya vumbi hadi Mloka na kufika lango la Mtemere. Askari wa lango akatafuta kwenye mfumo. Hakuna jina lao, hakuna malipo yao. Mratibu hapatikani. Mama watu wazima, wengine wamebeba wajukuu, wakabaki wamesimama juani na mifuko ya chakula. Wale askari waliwasikiliza kwa utu na kuwaeleza namna ya kulipia upya, lakini pesa iliyobaki ilikuwa ya kuwarudisha nyumbani tu. Imeniuma sana, na najua mchezo huu bado unaendelea, kwa sababu matangazo yaleyale yamerudi kwa jina jingine. Ndiyo maana sihangaiki kutaja jina la ukurasa. Kesho litabadilika tena.

Nimeikuza ile risiti waliyotumiwa nikaiangalia vizuri. Juu kuna nembo ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania), chini yake pameandikwa "Pori la Akiba Selous". Hapo hapo pana uongo. Tangu 2019, sehemu ya kaskazini ya Selous ndiyo Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyo chini ya TANAPA. Pori la Akiba Selous lililobaki liko chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Hizo ni taasisi mbili, kila moja na malipo yake, haziwezi kukutana kwenye risiti moja. Halafu mahali pa kumbukumbu namba ya malipo (control number) palikuwa na tarakimu kumi zinazoanza na 07. Jamani, hiyo ni namba ya simu ya mtu! Kumbukumbu namba ya serikali ina tarakimu 12 na huanza na 99. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba hiyo, kwa benki au kwa simu, na fedha huingia serikalini moja kwa moja. Anayekuambia "nitumie kwenye namba yangu nikulipie kiingilio" mwambie akutengenezee kumbukumbu namba, ulipe mwenyewe. Mkweli hatasumbuka. Tapeli ataanza hadithi za mfumo kuwa chini na nafasi kuisha leo saa kumi.

Picha nazo ziangalieni. Tangazo lao lilikuwa na boti imejaa watu, na nyuma yake maji yanaporomoka kwa nguvu kati ya miamba iliyobanana. Hayo ni maporomoko ya Murchison, Uganda, kwenye Mto Nile. Wanakopandishia boti watu Nyerere, Rufiji ni mpana na umetulia, una mafungu ya mchanga ambako mamba huota jua, miti ya mivumo imesimama kingoni, na kwenye kuta za udongo za kingo kuna matundu ya ndege waitwao keremkerem. Kutoka mtoni boti huingia kwenye maziwa kama Tagalala na Manze, yenye miti mikavu iliyosimama majini na furukombe juu yake. Mwombeni muuzaji video fupi ya boti yenyewe ikiwa gatini, aipige siku hiyo hiyo mnayozungumza. Anayefanya kazi mtoni kweli ataipata kwa dakika chache.

Upo utapeli wa pili, na huu unanitisha zaidi kwa sababu unagusa uhai. Unauziwa "boti ya ndani ya hifadhi", ukifika unapelekwa ukingo wa upande wa kijijini, unapandishwa chombo kidogo kisicho na kibali cha kuingia hifadhini, mnazunguka kidogo mnarudi. Kiingilio ulicholipa kimeliwa. Mbaya zaidi, jaketi okozi ni tatu kwa watu kumi, au zimefungwa kwenye mfuko chini ya kiti. Kiboko akishtuka huibuka chini ya chombo na kukipindua, na mto huo huo una mamba. Sisemi boti zote za nje ya lango ni za kitapeli. Kuna kambi nzuri pale Mloka zinazofanya kazi kwa haki na kukueleza wazi kwamba safari yao ni ya nje ya hifadhi. Muulizeni muuzaji: boti inapakia wapi, ina usajili wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini), jaketi ziko ngapi, na leseni yake ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, inasema jina gani? Jina hilo lifanane na jina la akaunti inayopokea pesa. Kiingilio na gharama ya boti ni vitu viwili, kwa hiyo bei ya jumla bila mchanganuo ikataeni.

Ofa za Aprili na Mei muwe nazo macho zaidi. Masika ikikolea, barabara za huko hugeuka tope na kambi nyingi hufunga, ila tapeli hana habari na mvua, atakuuzia tu, tena nusu bei. Kambi anayoitaja itafuteni wenyewe, muipigie kwa namba mliyoipata nje ya mazungumzo yake, muulize kama iko wazi tarehe hizo na kama wanamjua.

Kama tayari mmetuma, pigeni 100 kwa mtandao wenu mara moja muombe muamala uzuiwe. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa hutolewa haraka. Ujumbe wa tapeli na namba yake vitumeni kwenda 15040 ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Kisha nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa yenu). Msifute chochote: mazungumzo, risiti bandia, ujumbe wa muamala, hata picha za tangazo. Kikoba cha dada yangu kimeshafungua taarifa. Mwenye risiti yenye kichwa cha "Pori la Akiba Selous" na nembo ya TANAPA naye aende kituo cha karibu na alipo akafungue yake.