Steshenari ya Mwanga wanapojaza PEPMIS: wako vizuri ila lile daftari

Walimu wenzangu wa Kigoma, hasa mliotupwa huku ukanda wa ziwa kama mimi ambako mtandao mpaka upande kilimani, kuna steshenari moja pale Mwanga karibu na soko, nimeenda mara tatu sasa kwa mambo ya PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wetu watumishi wa umma, nawapa nyota nne kwa tano.

Kabla ya hapo nilijaziwa sehemu nyingine kwa elfu tano, jamaa kabofyabofya dakika kumi kasema tayari ticha. Kurudi shule mkuu ananiita huku anacheka, malengo yangu yanasema nitasimamia praktiko za Kemia kidato cha tatu, mimi nafundisha darasa la pili kusoma na kuhesabu!! Kumbe kakopi ya mtu. Na mkuu ndo msimamizi wangu kwenye mfumo, angepitisha bila kusoma ningeumbuka siku ya kupanda daraja, maana zile fomu za zamani za kupima utendaji, OPRAS, tulizokuwa tunajaza basi tu zimeshakufa, sasa ni huu mfumo.

Dada wa Mwanga yeye hagusi kitu kabla hajakuuliza unafundisha nini, darasa gani, halafu anakugeuzia skrini usome mwenyewe. Elfu tatu. Nikamchomekea na jingine, niliajiriwa na diploma, digrii nimemaliza mwaka jana ila bado niko TGTS C, ngazi ya mshahara ya mwalimu wa diploma, nilidhani D ya digrii itakuja yenyewe. Akanambia mwalimu hiyo sio kupanda daraja, hiyo ni kubadilishiwa muundo wa utumishi kutoka diploma kwenda digrii, lazima uombe, barua ipitie kwa mkuu wako, weka cheti na ile ruhusa ya masomo. Akanichapia hapo hapo. Ruhusa ninayo namshukuru Mungu, kuna mwenzangu kasoma kimyakimya hana hata karatasi, saa hizi ni kuhangaika tu.

Sasa nyota moja nimeikata kwa ajili ya daftari. Kaunta buku limelala wazi mezani, cheki namba (namba za utumishi) na paswedi za walimu kibao kwa peni nyekundu, mtu kaja kutoa kopi ya NIDA anajisomea tu. Nikamwambia dada hii hatari, akanijibu "nyie si mnasahau?" Nikakosa la kusema, safari ya pili nilienda kwa hilo hilo la kusahau paswedi. Yangu nimeibadilisha kwenye simu nikiwa stendi.

Jumamosi wahini kabla ya saa nne, baada ya hapo foleni ya walimu inafika mpaka kwa mama wa dagaa.